Ulimbo wa Fenesi kwenye Redio ya Kijiji

Ukitaka Bernadeta akutengenezee redio, ilikubidi kwanza uifute. Mtu alipofika kwake na redio iliyojaa masizi ya jikoni na vinyesi vya mende, hakuigusa. Alikunja pua, akaweka mikono nyuma, akaonyesha kwa kidevu kopo la vitambaa lililokaa kizingitini.

"Futa kwanza. Mimi fundi, si dobi."

Watu walinung'unika. Walisema hayo ni maringo ya misheni, eti mwanamke anayelima magimbi kwenye matope kama wenzake anaonaje kinyaa cha mende? Lakini walifuta. Kutoka Kinole kupanda juu hapakuwa na fundi redio mwingine, na kuteremka hadi Morogoro mjini kulimaliza siku nzima, na magoti juu yake.

Ufundi aliupata kwa njia ya ufagio. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano aliajiriwa kufagia karakana ya misheni, alikokuwa Bruda Klemensi, Mzungu mzee aliyetengeneza pampu, saa za ukutani na redio za mapadri. Mikono ya Bruda ikaanza kutetemeka. Siku moja akamwita msichana amshikie waya wa risasi wakati analehemu. Mwaka uliofuata akamwachia chuma chenyewe, yeye akawa anaelekeza kwa mdomo tu. Alipofariki, mapadri walimpa Bernadeta chuma cha kulehemu cha kupashwa kwenye mkaa, bisibisi mbili na sanduku la vikorokoro, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua vinatumikaje. Akarudi kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akajenga nyumba ya vyumba viwili, akakaa humo peke yake. Mchumba alikuwapo. Alikuja kujitambulisha, akapenga kamasi kwa vidole na kuzipangusa kwenye nguzo ya baraza. Barua yake ya posa ilirudishwa jioni ile ile, na nguzo ikasuguliwa kwa maji ya moto na majivu.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja mwaka wa sabini na tatu, mwaka wa ile kampeni kubwa ya afya. Kila kijiji kiliambiwa kichimbe vyoo, kichemshe maji, na watu wazima wakae darasani mara mbili kwa wiki kusikiliza masomo redioni.

Redio ya kijiji chao ililetwa na gari la mkoa hadi barabara ilipoishia, kisha ikabebwa kichwani. Ilikuwa kubwa, ya betri sita, na ilikuja na hedifoni: vikombe viwili vya duara vya kufunika masikio, vimeunganishwa kwa upinde wa chuma unaopita juu ya kichwa, vyenye waya mrefu na plagi ya shaba mwishoni. Ofisa aliyeileta alisema hedifoni hizo ni za mtu mwenye shida ya kusikia. Wote wakamgeukia Mwenyekiti wa kijiji, mzee Yakobo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiongoza mikutano kwa kutazama midomo ya watu. Wakamvalisha. Ofisa akachomeka plagi, mzee akaruka kidogo kitini, kisha akasema kwa sauti kubwa mno, "Kuna mwanamke anaimba humu ndani!" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Ila wao hawakusikia wimbo huo, kwa sababu plagi ilipoingia, spika ya redio ilinyamaza. Ndivyo redio ile ilivyoundwa.

Katibu wa kijiji, ndugu Benedikto, akalidaka jambo hilo papo hapo. Hedifoni zikitumika darasani, alisema, mmoja atasoma na hamsini watabaki wajinga, na huo si ujamaa. Kwa hiyo yeye atazihifadhi. Na redio yenyewe, kwa kuwa ni mali ya umma, italala nyumbani kwake kwa usalama. Akamteua Hidaya kuwa kiongozi wa kikundi. Hidaya alikuwa mama wa miaka ishirini na minne, mtoto mgongoni, aliyemaliza darasa la saba na kusoma kwa sauti nzuri. Kazi yake ilikuwa kuongoza majadiliano, kuandika majina ya waliohudhuria, na kutunza betri.

Bernadeta hakumpenda Benedikto tangu mwanzo, na alijilaumu kwa hilo, maana kwa macho Katibu alikuwa mtu safi kuliko wote. Shati la mifuko minne lilipigwa pasi hadi mistari ikasimama. Nywele zilipakwa mafuta ya nazi zikang'aa. Kampeni ilipoanza alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na daftari, anafunua mitungi ya maji ya watu, ananusa, anatikisa kichwa. Alipofika kwa Bernadeta alinusa mtungi, hakupata la kusema, basi akachovya kidole ndani ayaonje maji. Bernadeta alimsubiri aondoke, akayamwaga yote, akashika njia ya mtoni upya.

Masomo yalikwenda vizuri mwezi wa kwanza. Jambo moja tu halikueleweka: betri. Zile za miezi mitatu ziliisha kwa wiki tano. Hidaya akawa anazitoa kila Jumamosi, anazipanga juu ya bati juani ili zipate uhai kidogo, kama kila mtu alivyofanya miaka ile. Zilipokwisha kabisa, mkoa ukaleta nyingine, na barua ya kuuliza kulikoni. Katibu aliisoma barua ile mbele ya darasa huku akimtazama Hidaya.

Kisha ikafika Jumanne moja, saa kumi alasiri. Watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Katibu akaiweka redio mezani, akazungusha swichi. Kimya. Akazungusha tena. Akainua mikono kama padri kwenye altare.

"Ndugu zangu, redio yetu imekufa."

Minong'ono ikapanda. Bernadeta, aliyezoea kukaa dawati la mlangoni ili apate hewa, alinyoosha shingo.

"Ndugu Katibu, taa ya kioo inawaka. Redio iliyokufa haiwashi taa."

"Taa ni taa, dada Bernadeta, na sauti ni sauti," akajibu Katibu bila kumtazama. Akamgeukia Hidaya. "Ndugu Hidaya, betri hizi uliziweka juani?"

"Ndiyo, ndugu Katibu. Jumamosi. Kama siku zote."

"Mmemsikia wenyewe. Amechemsha betri, betri zimeunguza mashine. Tunapambana na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, kumbe adui wa nne tumemkalisha mbele ya darasa! Mimi sitaki kutumia neno hujuma. Sitaki. Lakini wakubwa wa mkoa wakilitumia, nitawazuiaje?"

Hidaya alisimama pale na chaki mkononi. Mtoto mgongoni ndiye aliyelia. Katibu akampokea chaki kwa ncha za vidole viwili, kama anayepokea kitu kichafu, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kikundi kingeongozwa na yeye mwenyewe mpaka uchunguzi ukamilike.

Bernadeta alimfuata nje. Katibu alikuwa ameikumbatia redio kifuani.

"Niachie niitazame. Ni kazi ya nusu saa."

"Mali ya serikali haifunguliwi vijijini. Itapelekwa mkoani."

"Lini?"

"Taratibu zitafuatwa."

Alipogeuka kuondoka, upepo ulimletea Bernadeta harufu ya redio ile. Ilinukia mafuta ya nazi, na chini ya mafuta kulikuwa na kitu kingine, utamu uliooza, kama tunda lililosahauliwa chini ya kitanda. Redio haikuwa na kichwa. Ilipakwaje mafuta ya nywele? Alikwenda na swali hilo nyumbani, na halikumwacha.

Wiki mbili zilipita, redio haikwenda mkoani wala popote. Hidaya ndiye aliyekwenda huku na huku na aibu yake. Mtoni wanawake walinyamaza akifika. Mama mkwe wake, aliyekuwa akijisifu kwa majirani kuhusu mkwe msomi, sasa alimwita Betri. Mmoja akatunga kiitikio cha kutwangia kinachomtaja. Siku ya kumi na tatu alikuja kwa Bernadeta, akakaa kwenye kigoda, akalia mpaka kamasi zikamfika mdomoni. Bernadeta alimtazama akashindwa kuvumilia. Akampa kitambaa kutoka kwenye kopo.

"Pangusa pua kwanza, mwanangu, ndipo tuseme."

Hidaya akapangusa. "Dada Bernadeta, niambie ukweli tu. Jua linaweza kuua redio?"

"Jua halijui hata kama redio ipo. Betri ikipashwa moto sana inavuja, basi. Ulikuta zimevuja?"

"Hapana. Zilikuwa kavu."

"Basi hukuua kitu."

"Sasa nani kaua?"

"Mtu anayeogopa nisije nikaifungua," akasema Bernadeta, na akahisi ile karaha ya mchumba na nguzo ikimrudia, ila mara hii hakukuwa na maji ya moto ya kuiosha.

Jumatano iliyofuata ikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu ya watu wazima angefika Ijumaa. Alhamisi mzee Yakobo akaitisha mkutano darasani. Katibu alisimama akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba mkaguzi apewe taarifa ya maandishi yenye jina la mhusika. Mzee Yakobo alimtazama midomo, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Husemi wazi. Unameza maneno. Nimeuliza hivi: redio imefunguliwa? Imetazamwa?"

"Mzee, haiwezi kufunguliwa na..."

"Bernadeta yuko wapi? Aifungue hapa hapa, wote tukiona. Kama imeungua tutaona palipoungua."

"Mwanamke afungue mali ya serikali, Mzee?"

"Sijasikia," akasema mzee Yakobo. Pengine kweli hakusikia.

Bernadeta alikwisha kuja na mfuko wake. Hakusubiri kuitwa mara mbili. Lakini redio ilipowekwa mbele yake hakuigusa. Alitoa kitambaa, akamnyooshea Katibu.

"Futa kwanza."

Watu wakapiga kicheko kidogo cha woga. Katibu akafuta, haraka haraka, akiruka ubavu wa kulia. Bernadeta aliona alivyouruka.

Alifungua parafujo za nyuma, akatoa kifuniko, na watu wakasogea hadi akawaambia wampishe mwanga. Hakukuwa na palipoungua. Waya zilikuwa safi, nyekundu na njano kama zilivyotoka kiwandani. Akachukua betri moja na vipande viwili vya waya, akaigusisha spika yenyewe peke yake. Spika ikasema *tap*. Akagusisha tena, *tap, tap*. Hata wa nyuma walisikia.

"Spika nzima," akasema. "Taa inawaka, mashine nzima. Basi njia ya sauti kutoka mashine kwenda spika ndiyo imezibwa."

Akaigeuza redio kwenye ubavu wa kulia, mahali pa tundu la hedifoni, akamulika kwa tochi. Akarudisha kichwa nyuma kwa ghafla kama aliyechungulia choo.

Tundu halikuwa tundu tena. Lilijaa kitu cheusi chenye kung'aa, kimevimba na kumwagika pembeni kama kidonda chenye usaha, na juu yake wamenata sisimizi, mamia, wengine wamekufa, wengine wanachezesha miguu bado. Katikati kulikuwa na mende mdogo aliyenasa kwa tumbo, na unywele mmoja mrefu. Harufu ile ya utamu uliooza ikampanda puani waziwazi sasa. Akageuka pembeni, akatema mate dirishani, akaomba radhi.

Kijana mmoja aliyekuwa karibu alinusa, akasema, "Huo ulimbo. Ulimbo wa fenesi. Ndio tunaotegea ndege."

"Nani anategea ndege ndani ya redio?" akauliza mtu, na darasa zima likaangua kicheko. Katibu naye alicheka, kwa meno tu.

Bernadeta hakucheka. Alizungusha kidole chake kwa kitambaa ili ngozi isiguse, akafungua nati ya tundu, akalitoa lote na waya zake kwa nyuma. Akaingiza sindano ya kushonea magunia kutoka upande wa ndani, akasukuma polepole. Ulimbo ukanyooka kama makamasi. Kisha kitu kikadondoka mezani, kikalia, kikabiringika hadi mbele ya mzee Yakobo.

Kilikuwa kipande cha shaba, urefu wa punje mbili za mahindi, chenye ncha ya mviringo.

"Hii ni ncha ya plagi," akasema Bernadeta. Alisema kwa sauti kubwa na taratibu, akimwelekea mzee Yakobo ili asome midomo. "Plagi ikiingia kwenye tundu, inasukuma kibati hiki hapa. Kibati kikisukumwa, spika inanyamaza na sauti inakwenda masikioni. Mnakumbuka siku ya kwanza, Mzee alipovaa? Plagi ikitoka, kibati kinarudi, spika inasema. Sasa hii ilivunjikia ndani. Waya ulivutwa kwa nguvu, plagi ikakatika shingo, ncha ikabaki. Kibati kikadhani bado mtu anasikiliza. Kimesubiri wiki zote hizi. Halafu aliyeivunja akatia ulimbo kwenye kipande kilichobaki mkononi, akachomeka, akitaka kuinasa ncha aivute nje. Haikuja. Akaongeza ulimbo. Akaongeza tena."

Hidaya alikuwa amesimama ukutani, mkono mmoja ukimpigapiga mtoto mgongoni ingawa mtoto alikuwa amelala.

"Jua halivunji plagi," akamalizia Bernadeta. "Hedifoni ziko wapi?"

Macho yote yakaenda kwa Katibu. Naye, tumpe haki yake, hakutetereka.

"Hedifoni zilipotea zamani," akasema. "Niliandika ripoti. Nadhani ziliibwa siku nilipokuwa mjini, na mwizi huyo huyo, bila shaka, aliingia akafanya haya. Ndugu zangu, tuongeze ulinzi..."

Alikuwa bado anaongea pale mkewe, Magdalena, alipoinuka kutoka kundi la wanawake. Magdalena alikuwa mtu wa maneno machache; wengi hawakuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Alitoka mlangoni bila kuaga. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja wa shule, na kabla mumewe hajafika mwisho wa hoja ya ulinzi, alikuwa amerudi. Akapita katikati ya madawati, akatupa kitu mezani.

Zilikuwa hedifoni. Bernadeta alizitazama, akajuta kuwa na macho. Vile vikombe vya masikio, vilivyokuja na sponji la kijivu, vilikuwa vyeusi na vimelowa mafuta. Pembezoni kulikuwa na utando wa manjano, nta ya masikio ya miezi minne iliyopakwa juu ya nta nyingine, imeshika mba na vinywele. Waya ulinata. Mwishoni plagi ilikuwa imekatika shingo, na kwenye kisiki chake kulining'inia tone la ulimbo, limekauka, na sisimizi mmoja ndani yake.

"Zilikuwa chini ya mto," akasema Magdalena. "Kila siku akila, anapanda kitandani, anazivaa. Mimi niko pembeni, watoto wako pembeni, redio iko ndani ya nyumba yangu na sijawahi kusikia hata saa ikitajwa. Anacheka peke yake. Mpira ukichezwa anapiga kelele peke yake. Nimelala na mtu anayecheka peke yake tangu ilipoletwa. Siku ile alisinzia nazo, akajigeuza, redio ikaanguka chini ya kitanda. Nilimwambia waambie watu. Akaniambia nikamkatie fenesi."

Akavuta pumzi, akamtazama Hidaya.

"Nilikata mimi hilo fenesi. Unisamehe."

Mzee Yakobo hakuwa amesoma yote. "Kasema nini?" akauliza. Alizivuta hedifoni kwa fimbo yake hadi karibu, akaziinamia, akanusa. Kisha akazisukuma zirudi kwa fimbo ile ile.

Hapo mtu angedhani Katibu angeinama. Bernadeta alimngoja ainame. Angeridhika hata na jasho. Badala yake Benedikto akafungua daftari, akakohoa, akasema kwamba kikao kimebaini kosa la kiufundi. Kwamba katika kuifanyia redio majaribio, ambayo ni wajibu wa Katibu, kumetokea hitilafu ya plagi. Kwamba anamshukuru ndugu Bernadeta kwa moyo wa kujitegemea, na anapendekeza kikao kimpigie makofi. Na watu, bwana, wakapiga makofi. Si wote, lakini waliopiga walitosha kujaza chumba. Wengine walikuwa na maombi ya mbolea mezani kwake. Wengine walipiga kwa sababu mwenzao wa pembeni amepiga.

Bernadeta alisikia makofi yale kama kitu kinachonata usoni. Alitamani kunawa.

Alilehemu waya za tundu, akalifunga mahali pake, akawasha. Sauti ikajaa darasa, mtangazaji akisoma bei za korosho. Alikusanya vifaa vyake, akatoka, na Katibu akamfuata hadi kwenye uzio wa mlangali.

"Dada Bernadeta, mkaguzi kesho atataka karatasi ya fundi. Andika tu kwamba redio ilikuja na kasoro. Mistari miwili. Itatusaidia sote."

Karibu na masikio yake nywele zilikuwa bado zimelala chini kwa mazoea ya miezi, zimechorwa duara mbili za vikombe. Bernadeta alizitazama duara hizo, akashindwa kutazama kitu kingine.

"Nitaandika," akasema.

Aliandika mistari mitano. Aliandika plagi, usingizi, ulimbo, jina la aliyelala na jina la aliyesingiziwa. Ijumaa mkaguzi akaja, akakuta redio inasema na madawati yamejaa, akaisoma karatasi ile amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akala kuku nyumbani kwa Katibu. Alipoondoka alimsifu Katibu mbele ya watu kwa kuwa na kijiji chenye fundi wake. Hakuna kilichosikika zaidi kutoka mkoani, isipokuwa betri mpya.

Mzee Yakobo hakusahau, hata hivyo. Yeye hakuwa na mamlaka ya kumwondoa Katibu, lakini alikuwa na mamlaka ya kuamua redio inalala wapi, na akaamua ilale darasani, kwenye kabati la mwalimu mkuu, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Alipoulizwa kuhusu hedifoni, kwamba zikitengenezwa atazitumia yeye kama ilivyokusudiwa, alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Masikio yaliyopita humo nimeyaona. Heri nibaki kiziwi."

Hidaya aliambiwa arudi mbele ya darasa. Mzee mwenyewe alimfuata nyumbani. Akamjibu kwa adabu zote, shikamoo na ahsante, kwamba hataweza. Madawati yale yale, alisema, yaliyonyamaza siku ile na kupiga makofi juzi. Akisimama mbele ya madawati hayo tena atatapika. Mama mkwe aliyemwita Betri sasa alimbembeleza. Hakurudi.

Alikwenda kwa Bernadeta badala yake, asubuhi moja ya Jumatatu, mtoto mgongoni na jembe begani, njiani kuelekea shamba.

"Nataka unifundishe kufungua."

"Kufungua nini?"

"Redio. Yoyote. Siku nyingine mtu akisimama aseme nimeharibu, niifungue mwenyewe nione. Nisingoje mtu mwingine aniambie kama nina kosa."

Bernadeta alimtazama. Alikuwa hajawahi kufundisha mtu. Alifikiria vidole vya mgeni kwenye bisibisi zake, mtoto atakayekojoa sakafuni, makombo. Akaguna. Kisha akaingia ndani, akatoka ameshika mfuko wa karatasi kwa ncha ya koleo, akaumwaga juu ya jani la mgomba barazani. Hedifoni zikaanguka na ule mlio wa kunata.

"Mzee kazikataa, kaniachia mimi, lakini kule misheni kuna bibi asiyesikia, na zikiwa safi atazipenda," akasema. "Plagi nzima ninayo sandukuni kwangu. Kuibadilisha ni rahisi, nitakuonyesha. Ila huwezi kulehemu juu ya uchafu, risasi haishiki. Kwanza zisafishwe."

"Na nani?"

"Na fundi anayejifunza."

Hidaya akaweka jembe chini. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye kikombe cha spiriti, akagusa ukingo wa kikombe cha sikio. Kipande cha manjano kikabanduka, kizima, kama gamba, kikaja na kitambaa. Akakiona. Akageuka, akainama juu ya ua, akaachia uji wake wote wa asubuhi kwenye maboga.

Bernadeta alisubiri amalize. Akampa maji ya kusukutua, akampa na kitambaa kingine.

"Hivyo hivyo," akasema. "Sasa kile kikombe cha pili."